Ngiri wa Manyoni, na mzee aliyeniuliza kwanza kama nafuga nguruwe

Nimerudi Dodoma jana jioni kutoka porini, kusini mwa Manyoni. Nimekaa siku tatu, nimepata ngiri dume mmoja, na makaratasi yote yamegongwa mihuri. Naandika kwa sababu nilihangaika miezi minne kumtafuta mwongozaji wa uwindaji wa kuaminika ambaye naweza kumfikia kwa gari langu bila kulala njiani, na najua tupo wengi tunaohangaika hivyo.

Mimi ni mpima ardhi, nakaa Nkuhungu. Bunduki ninayo kihalali, ya risasi za .30-06, aliyoiacha marehemu baba. Kuihamishia jina langu kulichukua muda, maana chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 silaha hairithiwi kama jembe. Baba aliwinda kwa leseni miaka ya 80. Kila kiangazi alikuwa akirudi na ngiri, mama anainjika sufuria mchana, tunakula usiku. Nilikuwa sijaionja nyama ile tangu nikiwa darasa la nne. Kuna mtu aliniambia, si uende bucha la nyamapori, siku hizi yapo na yana kanuni zake tangu 2020? Ni kweli, na kwa anayetaka nyama tu namshauri aende huko. Mimi nilitaka kumfuata mnyama kwa miguu yangu, kama baba.

Kabla sijafika kwa mzee aliyeniongoza, niseme jambo moja linalowachanganya wengi. Nguruwe mwenye manyoya marefu mnayemwona kwenye picha za wawindaji wa Ulaya hapa kwetu hayupo. Huku kwetu tunao wawili. Yupo nguruwe pori, wa vichakani, anayetembea usiku na kufukua mihogo ya watu. Halafu yupo ngiri, wa mchana, anayepiga magoti mbugani akila majani na kukimbia mkia ukiwa juu kama antena. Watu wa mjini wanawaita wote nguruwe pori, na hapo ndipo matapeli wanapopata mlango. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwinda usiku wala kummulika mnyama kwa taa. Sasa mnyama anayetembea usiku, mwindaji haruhusiwi kumfuata usiku, huyo utampataje kwa uhakika? Unaweza kumbahatisha alfajiri au jioni kabisa, basi. Mtu akikuambia kwa simu kwamba nguruwe pori ni lazima utampata, jua kwamba chini ya kiti cha gari lake kuna kurunzi.

Nilikutana na mtu wa namna hiyo mwezi wa tano. Sitamtaja. Alichukua kwangu shilingi 300,000 za kutanguliza, akanionyesha picha za nguruwe pori wanne wamelazwa mbele ya gari. Nilipomuuliza kibali kitatoka kwa jina la nani, akasema hayo yana wenyewe, mimi nije tu na bunduki, tutaingia saa nne usiku. Nikadai hela yangu. Alirudisha 120,000, halafu simu yake ikawa haipatikani. Imeniuma, na hela si kitu kikubwa kilichoniuma. Bunduki ile ina jina la baba yangu kwenye kumbukumbu za zamani, na jina langu kwenye mpya. Ningekamatwa nayo usiku ndani ya pori bila kibali, ningemwambia nini mama?

Kondoa nako nilikwenda. Mzee mmoja wa kule, mtu mstaarabu sana, alinikaribisha kahawa na kashata, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, swala nitakutafutia kwa moyo mmoja. Ngiri hapana, mikono yangu haimgusi." Nilimshukuru, nikamuelewa. Nikapiga simu pia kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii yenye kitalu upande wa Rungwa. Walinijibu vizuri, lakini bei zao ni za dola na safari zao ni za wageni wanaokuja kwa wiki tatu kutafuta simba na nyati. Si ya mtu anayetaka ngiri mmoja na Jumatatu awe kazini.

Aliyenifungulia njia ni ofisa wa maliasili wa wilaya. Nilikwenda mwenyewe ofisini Manyoni mwezi wa sita, nikaeleza shida yangu, nikaelekezwa utaratibu wa uwindaji wa wenyeji: maombi, namba ya malipo ya serikali, mnyama gani, wangapi, eneo lipi la wazi, tarehe zipi, na kwamba lazima tuongozane na askari wa wanyamapori. Msimu unaanza tarehe 1 Julai. Niliporudi kufuatilia kibali ndipo nilipoelekezwa kwa mzee aliyeniongoza, kwamba yupo mtu anayeongoza wawindaji wenyeji na hajawahi kuwaletea matatizo.

Nilimpigia siku hiyohiyo. Baada ya salamu (mimi shikamoo, yeye marahaba, mbukwa ya Kigogo, habari za Dodoma, mvua mlipata) nilikuwa nimejiandaa kuulizwa bunduki ni ya aina gani. Swali lake la kwanza likawa: "Nyumbani kwako unafuga nguruwe?"

Nikamwambia ndiyo, mke wangu ana banda la nguruwe sita, Ihumwa.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi tutaelewana kwanza kuhusu hao sita, ndipo tuongee habari ya ngiri."

Akanieleza kitu ambacho mimi, na miaka yote ya mke wangu kufuga, sikuwa nakijua vizuri. Ngiri na nguruwe pori wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuumwa. Kwenye mashimo wanamolala ngiri kuna papasi, aina ya kupe, na papasi wale ndio wanaopitisha ugonjwa. Binadamu haupati. Lakini nguruwe wa kufugwa wakiupata hauna tiba, wanaisha. Nyama mbichi, damu kwenye buti, mabaki ya jikoni yanayotupwa kwenye pipa la chakula cha nguruwe, yote hayo ni njia. Banda la jirani yetu lilimalizika ndani ya wiki mbili miaka minne iliyopita, na hakuna aliyewahi kujua ugonjwa ulipitia wapi. Mzee akanipa masharti: nije na nguo za porini ambazo hazitafika Ihumwa, buti zioshwe kwa maji ya jiki kabla sijapanda gari langu, nyama isipitie bandani, maji ya kuoshea nyama yamwagwe shimoni, na mimi mwenyewe nisikanyage bandani kwa siku saba. Kama siwezi, tuahirishe.

Mtu anayekataa hela ya mteja kwa ajili ya nguruwe sita wa mwanamke ambaye hajawahi kumwona! Nilipokata simu nilimwambia mke wangu, huyu ndiye.

Tuliondoka Dodoma Ijumaa saa kumi na nusu alfajiri, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Barabara ni lami mwanzo mwisho, kilomita kama 130. Bahi tulipita giza, kumepambazuka tukiwa tunapandisha ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku, baridi ya kipupwe imeganda kwenye vioo. Saa moja tulikuwa Manyoni tunakunywa chai ya maziwa. Gari letu tuliliacha uani kwa mzee, tukapanda pikapu yake, na kutoka hapo ni barabara ya vumbi, kisha njia ya ng'ombe, kisha hakuna njia.

Kazi ya kwanza ilikuwa shabaha. Alichora duara kwa mkaa kwenye boksi la mafuta ya kupikia, akaliweka hatua mia moja mbele ya kichuguu, akanitaka nipige risasi tatu huku nimeegemea fito zake. Fito hizo ni tatu, za kawaida tu, zimefungwa juu kwa mpira wa tairi ya baiskeli, zinafunguka kama kigoda. Risasi yangu ya kwanza ilikwenda kushoto upana wa kiganja. Tukarekebisha. "Leo umekosea boksi," akasema, "boksi haliumwi."

Jioni ile na alfajiri ya Jumamosi tulimjaribu nguruwe pori, maana kibali changu kilikuwa na mmoja wa kila aina. Mkulima mmoja alituonyesha shamba lake la mihogo: limefukuliwa kama limepita trekta, mashina yamelala, mizizi imetafunwa nusunusu. Kijana mfuata nyayo, mjukuu wa mzee, alipiga goti akatuonyesha kwato mbili za mbele na alama ndogo za nyuma zilizochoma udongo laini. Walikuwa wamepita usiku ule. Shemeji akashauri tukae pale mpaka saa tatu usiku kwa mbalamwezi. Mzee hakubishana naye. Alimwonyesha askari kwa kidevu, kisha akamwonyesha jua linavyozama, akaanza kukunja jamvi. Alfajiri tuliwasikia wakikoroma ndani ya kichaka, karibu kabisa, pengine hatua hamsini. Hatukuona hata sikio. Kichaka cha upande huu, kile kinachoendelea mpaka Itigi, kimesukana kiasi kwamba mtu akiinama hatua kumi mbele yako humwoni tena.

Ngiri ndiye aliyenifundisha thamani ya mzee huyu.

Anatembea na soksi ya mtoto mchanga iliyojazwa majivu ya kuni, imefungwa fundo. Kila baada ya hatua kadhaa anaipiga kwa kidole, punje za majivu zinachomoka kwenye nyuzi, zinaelea, naye anaziangalia mpaka zipotee. Mwezi wa nane huku kwetu upepo haulali, mnajua, lakini pembeni ya mbuga unageuka kila unapokutana na ukuta wa miti. Mara tatu Jumamosi alipiga soksi, akatazama, akageuka kimya tukarudi tulikotoka, tukazunguka nusu saa nzima kuja upande mwingine wa mbuga ileile. Mara ya pili nilikereka. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa. Ngiri macho yake si makali sana, lakini pua yake haina mchezo.

Kundi la kwanza walikuwa wanne, jike na watoto watatu wakubwa wa mwaka huu. Walikuwa hatua sitini, wamepiga magoti wanang'oa mizizi, hawana habari. Nilishaweka bunduki kwenye fito. Mzee akaweka kiganja juu ya bomba. Akanipa darubini, akaninong'oneza nihesabu vinundu usoni. Ndipo nikajua kwamba dume ana jozi mbili, moja kubwa chini ya macho na nyingine ndogo karibu na meno, na jike ana jozi moja tu. Nikahesabu: jozi moja. Jike mwenye watoto sheria haimruhusu mtu kumpiga, na askari alikuwa nyuma yetu, lakini naamini mzee angeweka kile kiganja hata tungekuwa wawili peke yetu. Tulikaa pale tukiwatazama mpaka walipoondoka, mkia juu mmoja baada ya mwingine, mdogo wa mwisho akipishana na miguu yake mwenyewe.

Mchana tulipita kwenye mashimo. Yanachimbwa na muhanga, ngiri anahamia tu. Anaingia kinyumenyume, uso unabaki mlangoni. Mzee alitukataza kabisa kusimama mbele ya shimo lolote, na akatuonyesha kovu pajani kwake, refu kama kalamu, la mwaka aliokuwa mfuata nyayo Rungwa. Meno ya chini ya ngiri yanajinoa yenyewe kwa kusugua yale ya juu kila anapofungua na kufunga mdomo. Akatuambia pia tusikae chini karibu na mashimo kwa sababu ya papasi. Shemeji aliyekuwa ameshakaa aliruka.

Saa kumi na robo jioni tulimpata dume peke yake, pembeni ya mbuga iliyokauka. Alikuwa amepiga magoti, tako juu, anakata majani mafupi. Kijana ndiye aliyemwona. Majivu yalikuja usoni kwetu, safi. Tulitambaa mpaka kwenye kichuguu. Nikahesabu vinundu kwa darubini: viwili, vinne. Mzee akasema kwa pumzi tu, "Subiri asimame. Bega, usichukue tumbo." Alichukua muda kusimama. Niliona matope makavu ubavuni mwake yamepasuka kama sakafu ya lambo, na sugu za magotini, nyeusi, zinang'aa. Akasimama, akageuka, nikafyatua.

Alikimbia kama hatua arobaini akaanguka. Nilitaka kwenda. Mzee akakaa chini, akatoa ugoro wake, akasema robo saa. Tulikaa robo saa. Tulipofika alikuwa amekufa, risasi imeingia nyuma kidogo ya bega. Niliweka mkono shingoni mwake, kwenye nywele ngumu za mgongo, joto bado lipo, na nilimkumbuka baba kwa namna ambayo siwezi kuieleza hapa.

Askari alijaza kibali palepale, saa na mahali. Mzee na mjukuu walivaa glavu, wakamchuna wakimning'iniza kwenye mti wa mtundu, utumbo ukafukiwa kina cha goti. Kwa makadirio ya mzee alikuwa kama kilo 80 mzima. Nyama iliingia kwenye ndoo zenye mifuniko. Buti zetu ziliingia kwenye beseni la jiki, na yeye ndiye aliyezisugua soli kwa kijiti, akichokonoa kila mfereji.

Sasa kasoro, maana zipo. Maji ya kunywa yalikuwa madumu matatu ya lita ishirini kwa watu watano, na Jumapili asubuhi tulikuwa tunapimiana kikombe. Beba yako. Pikapu ilipata pancha ikiwa na tairi moja tu la akiba, na tungepata ya pili tungelala hapo. Choo ni pori, hakuna hata turubai la kujisitiri. Mke wangu alitaka kuja msimu ujao na kwa hali hiyo sitamleta. Ndorobo (mbung'o) wa kule wanauma kupitia shati: usivae nyeusi wala bluu, rangi hizo zinawaita. Na mzee haandiki risiti mpaka umwombe. Nilimwomba, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, vizuri tu, lakini afanye hivyo kwa kila mteja.

Malipo yake ni shilingi 450,000 kwa siku tatu kwa watu wawili, pamoja na mjukuu na pikapu. Ada za serikali unalipa mwenyewe kwa namba ya malipo, chakula unanunua wewe. Hakuongeza senti baada ya ngiri kupatikana, na alisema mapema kwamba asingepunguza kama tungemkosa. Kwa kazi niliyoiona naona ni haki. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ni ya maji na tairi.

Njiani kurudi tulisimamishwa kwenye kizuizi. Kibali, leseni ya silaha na hati ya umiliki wa nyara vilikuwa kwenye bahasha moja aliyotupangia mzee kwa mfuatano, dakika kumi tukaruhusiwa. Nilinunua asali ya Manyoni lita tano, tukaendelea.

Nyama yenyewe haina mafuta ya kitimoto. Ukiichoma juujuu inakuwa ngumu, na isitoshe inaweza kuwa na vimelea, kwa hiyo ni lazima iive mpaka ndani kabisa. Mke wangu aliichemsha kwa tangawizi na limau kwa muda wa karibu saa tatu, ndipo akaikaanga na kitunguu. Tuliila na ugali wa mtama na mlenda. Mama alikuwepo. Alitafuna kipande cha kwanza taratibu, akauliza nani kaipika kama yeye.

Namba ya simu ya mzee siiweki hapa kwa kuwa hakuniruhusu. Anayemtaka aanzie ofisi ya maliasili ya wilaya Manyoni, aende na leseni yake ya silaha mkononi, mapema kabla ya Julai. Na kama una nguruwe nyumbani, sema ukweli utakapoulizwa. Buti zangu ziko nje ya geti Nkuhungu, chini ya ndoo, leo siku ya pili. Ihumwa anakwenda mke wangu peke yake mpaka Jumapili.